Oili Humwagwa Ikiwa ya Moto

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa, jiji halikuachi upesi. Linakusindikiza Mbagala, Kongowe, Vikindu, likipungua nyumba kwa nyumba, na ukifika Mkuranga ndipo minazi na mikorosho inapoanza kutawala. Kimanzichana vijana hukimbilia madirisha ya basi wakiwa na vifuko vya korosho, na anayenunua kimoja hujikuta amenunua cha pili kabla dereva hajaondoa gari. Mimi ni mtu wa Lushoto. Nimelelewa na barabara ya Mombo, inayopanda ikijikunja ukingoni mwa makorongo, na masikio yangu yamezoea injini inayolia kwa uchungu wa mlima. Huku kusini barabara imenyooka, ardhi ni mchanga, na injini zinaimba sauti moja tu mpaka usingizi unakuja.

Nilikuwa nakwenda Kibiti, na kutoka huko kwenye delta ya Rufiji, kuitazama mikoko. Hekta zaidi ya 50,000 za mikoko katika eneo moja si jambo la kusimuliwa, ni la kuonwa. Na tangu 2004 eneo hilo, pamoja na Mafia na Kilwa, limo katika orodha ya ardhioevu zinazotambuliwa duniani chini ya Mkataba wa Ramsar. Mikoko niliiona, na nitaizungumzia. Lakini kilichonikaa moyoni kuliko vyote ni kitu nilichokuwa nakitumia kila siku bila kukifikiria: klachi ya pikipiki, ile inayokaa ndani ya oili, na watu wanaoitunza mahali ambapo mchanga, matope na maji ya chumvi vimekula njama dhidi yake.

Kibiti ni mji wa njiani ambao umekua kuliko njia yenyewe. Ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji hadi ilipomegwa wilaya mpya mwaka 2015. Mabasi ya Lindi na Mtwara yanapita hapa kuelekea Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo watu walivuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na wazee bado wanasimulia foleni zake. Lami ni moja tu. Kila kitu kingine ni njia ya mchanga. Ukitaka Mtunda, Ruaruke, Mbuchi, au hospitali ya misheni ya Mchukwi, bodaboda ndiyo itakayokufikisha, na hiyo bodaboda itakuwa imebeba watu wawili na gunia, au mtu mmoja na mlango wa mbao, au kitu chochote ambacho mwenyewe ameshindwa kukiacha nyumbani.

Karakana niliyoikuta haikuwa na ukuta. Ilikuwa mwembe mkubwa, benchi la mbao, kipande cha turubai, na makopo ya nati yaliyopangwa kwa ukubwa. Fundi alikuwa mzee wa makamo, kofia ya kiua imefifia kwa jua, mikono myeusi hadi viwikoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa hapo kwenye benchi. Hicho kitambaa usikikanyage tu."

Juu ya kitambaa alikuwa ametandaza klachi nzima kwa mpangilio ule ule iliotoka nao: springi nne upande mmoja, kisha pleti moja ya msuguano, pleti moja ya chuma, tena ya msuguano, tena ya chuma, mpaka mwisho. Vijana wawili wanaojifunza kwake walikuwa wamechuchumaa kando, kimya. Hawakuruhusiwa kushika pleti yoyote kabla ya kuieleza: inakaa wapi, inafanya nini, imeharibikaje.

Gari la leo la gia za mkono kwa kawaida lina klachi kavu. Tone la oili likiifikia, imekufa, nawe utashusha gia boksi ukipenda usipende. Klachi ya pikipiki nyingi ina maisha mengine kabisa. Imefungiwa upande wa kulia wa injini, ndani ya oili ile ile inayolainisha pistoni na gia. Pleti zake ni nyingi na nyembamba. Zimebanwa pamoja na springi, na oili inapita katikati yake ikibeba joto na kulainisha mshiko. Ndiyo maana bodaboda inaweza kuondoka na kusimama mara mia kwa siku ndani ya mchanga wa Kibiti na isiungue. Lakini ndiyo maana pia oili ile ina kazi tatu kwa wakati mmoja, na ikichoka, klachi ndiyo ya kwanza kulalamika.

Fundi alichovya kidole kwenye sufuria aliyomwagia oili ya pikipiki ile, akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akainusa. Nyeusi, nyepesi, ina harufu ya kuungua.

"Hii ni ya hesabu," alisema.

Sikumwelewa. Kijana mmoja akanieleza. Bodaboda nyingi si za wanaoziendesha. Kuna ya hesabu, ambayo kijana anampelekea mwenye chombo fedha iliyokubaliwa kila siku, na chombo kinabaki cha tajiri milele. Na kuna ya mkataba, ambayo kijana analipa kila siku au kila wiki kwa muda waliopatana, na siku ya mwisho pikipiki inakuwa yake na kadi juu. Injini ni hiyo hiyo, barabara ni hiyo hiyo. Fundi anasema anaijua ya mkataba kabla hajaifungua: oili bado ina rangi, waya wa klachi umepakwa grisi, na mkono wa klachi una ule uhuru wake wa sentimita moja hadi mbili kabla haujaanza kuvuta. Ya hesabu inakuja ikiwa imeshindwa kabisa, ikisukumwa.

"Wa hesabu akitoa fedha ya oili, ametoa mfukoni mwake kumtunzia mtu mwingine," alisema fundi. "Na tajiri naye yuko Dar, anaona oili ni kazi ya anayeendesha. Basi chombo kinakosa mtu."

Nimesoma maandishi mengi kuhusu umiliki wa ardhi, wa misitu, wa nyumba za kupanga mjini. Sijasoma yaliyonifungua macho kama sufuria ile ya oili. Wako wanaodai vijana wetu hawajui kutunza vitu. Ninaamini wanaosema hivyo hawajawahi kuuliza kitu hicho ni cha nani.

Fundi alikuwa na kipande cha kioo cha dirisha. Aliiweka kila pleti ya chuma juu yake, akaibonyeza pembeni kwa kidole. Iliyocheza ilikuwa imepinda kwa joto, nayo ikawekwa kando. Za msuguano alizipima unene. Mpya zina karibu milimita 3, na zikishuka hadi 2.6 hazifai tena. Zilizobaki nene lakini zimeng'aa alizilaza juu ya msasa uliotandikwa kwenye kioo, akazizungusha taratibu hadi mng'ao ukaondoka. Kisha akachukua tupa ndogo, akalainisha makovu kwenye mikono ya kile kikombe kinachobeba pleti, kwa sababu pleti zikikwama kwenye makovu hayo klachi haiachii vizuri: unaibana mpaka mwisho na bado pikipiki inasogea, na frii huipati. Pleti mpya mbili alizokuwa amenunua zilikuwa zimelala ndani ya kopo la oili safi tangu jana yake. Zikifungwa kavu, alisema, dakika za kwanza tu zinatosha kuziunguza.

Nilimuuliza kuhusu aina ya oili. Hapo aliacha kazi, akafuta mikono, akanitazama kama mwalimu anayetazama mwanafunzi aliyeuliza swali lililokuwa likisubiriwa. Wapo wanaotia oili ya magari madogo ya kisasa kwa sababu wameipata kwa bei nafuu au wamepewa na jamaa. Baadhi ya oili hizo zina dawa ya kupunguza msuguano ili gari lile mafuta kidogo. Kwa gari ni sawa, klachi yake iko pakavu. Kwa pikipiki ni balaa: pleti zinateleza, unavuta resi, injini inapiga kelele, chombo hakiendi. Wajapani waliliona hilo, na mwaka 1998 wakatoa kipimo maalumu cha oili za pikipiki, JASO, na alama ya MA kwa zile zinazofaa klachi iliyo ndani ya oili. Fundi hakujua mwaka wala Wajapani walifikaje hapo, lakini alama yenyewe alinionyesha kwenye kopo, herufi mbili ndogo nyuma karibu na kitako. "Hizi ndizo za kusoma. Picha ya mbele ni ya kuuzia."

Klachi ya namna hii si uvumbuzi wa pikipiki. Magari ya kale mengi yalikuwa nayo. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 na kufikia zaidi ya magari milioni 15, ilikuwa na rundo la pleti za chuma zilizozunguka ndani ya oili ya injini. Asubuhi za baridi oili ilikuwa nzito kiasi kwamba pleti zilishikana, na gari lilianza kumsogelea mtu aliyekuwa mbele akilizungushia hendeli. Nilipowasimulia vijana wale habari hiyo walishangaa, lakini mimi naijua kwa mwili wangu: kwetu Lushoto mwezi wa saba, pikipiki iliyolala nje hurukia mbele unapoingiza gia ya kwanza, mpaka oili ipate moto. Morris Cowley za Uingereza za miaka ya 1920 zilikuwa na klachi yenye vipande vya koki ndani ya oili, na Hudson za Marekani ziliendelea na koki hiyo kwa miaka mingi. Wenye Hudson mpaka leo huitunza kwa namna ambayo fundi wa Kibiti angeitambua mara moja: unamwaga oili ya zamani, unatia mafuta ya taa, unawasha injini na kukanyaga klachi mara kadhaa ili koki ijisafishe, unamwaga tena, kisha unatia oili mpya kidogo, hata robo lita haifiki. Ikizidi, inateleza. Ikipungua, inaungua.

Na magari ya Ford yalifika Rufiji mapema. Waingereza waliyatumia katika vita vya kwanza vya dunia, walipokuwa wakiwafukuza Wajerumani kusini mwa nchi hii mwaka 1916 na 1917. Mvua za 1917 zilipokuja, bonde likajaa, magari yakazama kwenye matope, na mzigo ukarudi ulikokuwa umetoka, kichwani mwa wapagazi. Waliokufa kwa maradhi na njaa katika kazi hiyo ni maelfu kwa maelfu, wengi bila kaburi lenye jina. Barabara hizi zina deni kwao.

Kwenda kwenye delta nilipelekwa na bwana shamba mstaafu, jirani wa mwenyeji wangu wa Kibiti. Alikuwa na Honda CG 125 ya zamani, nyekundu iliyogeuka rangi ya matofali. Aliipata akiwa kazini na hajawahi kuiuza. Pikipiki hiyo ina historia ninayoipenda. Wahandisi wa Honda walipoona jinsi watu wa nchi zinazoendelea wanavyobebesha pikipiki mizigo mizito na kuchelewa kubadilisha oili, hawakuwalaumu. Waliunda injini nyingine, ya fito za kusukuma vali, yenye uvumilivu zaidi, na mwaka 1976 ikatoka CG 125. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaza miji yetu, na hasa baada ya kanuni za mwaka 2010 kuhalalisha bodaboda, zina injini iliyonakiliwa kutoka kwake. Kwa hiyo CG 125 iliundwa kwa ajili ya watu wasiotunza, na mzee huyu ameitunza yake miaka yote kama vile ingekufa kesho.

Ana daftari. Kila alipomwaga oili ameandika tarehe na kilomita, na mita ilipokufa akaendelea na tarehe peke yake. Pembeni kuna maneno machache: "springi mpya", "nimeosha kichujio", "msiba Ruaruke, safari nne". Injini hii haina kichujio cha karatasi cha kutupa. Ina chombo kidogo kinachozunguka mwishoni mwa krenki, jirani kabisa na klachi, na uchafu hurushwa pembeni na kuganda humo. Usipokifungua na kukisafisha, hakuna atakayekufanyia. Asubuhi ya safari alizunguka mtaa mara mbili injini ipate joto, ndipo akafungua nati ya chini. "Oili humwagwa ikiwa ya moto," alimwambia mjukuu wake aliyeshika sufuria. "Ikipoa, uchafu unabaki chini na wewe unajidanganya umebadilisha."

Kutoka barabara kuu unakata kuelekea pwani pale Bungu, na kutoka hapo hadi Nyamisati ni njia ya kutafakari. Tulikunywa chai ya maziwa na chapati, tukaanza. Mchanga mwekundu, kisha mweupe, mikorosho, kisha minazi, kisha madimbwi yaliyobaki tangu masika. Nilijifunza tofauti ya vifo. Kwetu klachi huuawa na mlima: dereva anaibana nusu nusu kwenye kona za Soni ili asirudi nyuma, pleti zinasuguana, harufu inatoka. Huku inauawa na mchanga, maana gurudumu linazama na dereva anaachia klachi kidogo kidogo kujikwamua. Mzee hakufanya hivyo hata mara moja. Penye mchanga mzito alishuka gia mapema, akaachia klachi yote, akaacha injini ivute. Palipomshinda alisema "shuka baba," tukashuka, tukasukuma. Pikipiki za vijana zilitupita zikipiga kelele, na mbili kati yake tulizikuta mbele zimesimama.

Penye maji alikuwa mwangalifu zaidi. Injini ya moto ikiingia ghafla ndani ya maji baridi, hewa iliyomo hunywea, na kupitia paipu ya kupumulia inaweza kuvuta maji ndani. Yakichanganyika na oili, yote hugeuka meupe mazito kama tui, na klachi inayolowa tui haina siku nyingi. Mwezi Aprili 2024, Rufiji ilipofurika na kuzamisha mashamba na makazi ya watu wa Rufiji na Kibiti, fundi wa mwembeni alifanya kazi hiyo moja kwa wiki nzima: kumwaga oili nyeupe, kuosha, kutia nyingine, kumwaga tena mpaka itoke safi. Wengine hakuwatoza ufundi. "Mtu amepoteza mpunga wote, nimtoze na mimi?" Mzee wa Honda yeye alirefusha paipu ya kupumulia na kuifunga juu karibu na kiti. Ni mpira wa shilingi chache. Nimekwisha kuufunga kwenye ya kwangu.

Njiani alinionyesha, bila kusimama, mahali ambapo mwaka 2017 hakuna aliyethubutu kupita jioni. Ilikuwa ile miaka ya mauaji ya viongozi wa vijiji na askari katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga, na pikipiki zilipigwa marufuku kutembea usiku. Hakusema mengi, nami sikuchokoza. Alisema tu kwamba mjamzito akishikwa na uchungu saa mbili usiku, pikipiki ikiwa marufuku, ndipo watu walipojua chombo hiki kimekuwa nini kwao. Zamani wagonjwa walibebwa kwa machela ya kitanda cha kamba, wanaume wanne wakipokezana. Leo kijana mwenye mkono laini wa klachi, anayejua kuondoka bila kumtikisa aliye nyuma, anajulikana kijiji kizima, na wanawake humtaja kwa heshima.

Nyamisati ni bandari ya kwenda Mafia, na ni mlango wa delta. Tulikula kwa mama ntilie karibu na maji: wali wa nazi, mchele wa Rufiji wenye harufu yake, na kamba waliopikwa kwa nyanya na pilipili mbuzi. Kwetu chakula cha heshima ni makande ya maharage mapya, au kuku na viazi. Kamba tunamwona kwenye picha. Hapa mama alinipakulia kijiko cha pili bila kuulizwa, akasema, "Kula mwanangu, huko milimani mtakuta mawe tu." Kamba hawa hukulia kwenye mizizi ya mikoko, ndani ya vijito hivi, na hakuna sehemu ya pwani yetu inayotoa kamba wengi kuliko delta hii. Miaka ya 1990 iliwahi kupangwa kufanywa mradi mkubwa wa kufuga kamba ndani ya delta, na wanavijiji wengi waliupinga hadi mahakamani. Mashamba hayo hayakujengwa.

Ndani ya delta pikipiki inakoma na boti inaanza. Mkandaa, mkoko, mchu, mlilana, mkomafi, kila mmoja na mahali pake na kazi yake: huu wa boriti, huu wa kuni, huu wa kuchonga mtumbwi. Maji yalikuwa yakijaa, na tulipita karibu na matawi kiasi cha kushika majani. Penye mpunga kuna madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, ambamo familia hukaa msimu mzima kuwinga ndege na kufukuza nguruwe na viboko. Nahodha wetu alikuwa kijana, na kabla ya kuondoka alikuwa ameinamisha mashine ya boti, akafungua skrubu ya chini na kuachia tone la oili ya gia kwenye kiganja. Huko chini nako kuna klachi ya aina yake, meno yanayoingia na kutoka ndani ya oili, na silii ikikatika maji ya chumvi huingia. Alilitazama tone lile kwenye mwanga. Lilikuwa la rangi ya asali, akafunga, tukaondoka. Kumbe ni kipimo kile kile cha mwembeni Kibiti, na wawili hawa hawajawahi kuonana.

Tulipokaribia Salale, nahodha alionyesha mkondo na kusema, "Manuwari ya Mjerumani ilikuwa huku." Kila mtu wa delta anayo habari hiyo. Manuwari Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Pegasus ilikuwa imesimama ikitengenezwa mitambo yake. Kisha Königsberg yenyewe ikaharibika injini, ikajificha humu kwenye mikoko. Vipuri vyake vilivyovunjika vilifunguliwa, vikaburutwa kwa nguvu za watu, porini na matopeni, hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa na kurudishwa kwa njia ile ile. Waingereza waliiziba midomo ya mto, na tarehe 11 Julai 1915 wakaiangamiza. Mizinga yake kumi ikatolewa majini na kwenda kupigana nchi kavu. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa. Vitabu vinasimulia manahodha na mizinga. Mimi, nikiwa nimetoka karakanani, niliwaza zaidi wale mamia walioshika kamba na kuvuta vyuma vya watu wengine kwenye njia tulizopita na Honda. Majina yao hayakuandikwa hata kwenye daftari kama la mzee wangu.

Kuna jambo moja ambalo halijapata mwenyewe huku, nalo ni oili chafu. Pikipiki moja humwaga takriban lita moja, na vijana makini humwaga kila wiki au wiki mbili. Hesabu bodaboda zote za Kibiti, Bungu na Nyamisati. Fundi wa mwembeni huikusanya kwenye madumu na kuwagawia wajenzi, wapake miguu ya boriti isiliwe na mchwa. Lakini karakana nyingine humwaga pale pale mchangani, na pale Nyamisati nimeona doa jeusi lililoanzia chini ya mti na kushuka kuelekea maji yanayolea wale kamba. Hata mashua zimeanza kupakwa oili chafu badala ya sifa, yale mafuta ya papa yaliyolinda mbao za majahazi ya pwani hii kwa karne nyingi. Mjenzi mmoja wa mashua, mtu mzima sana, aliniambia anakataa kazi ya mteja anayekuja na dumu la oili ya pikipiki. Sifa inanuka, alisema, lakini samaki hawaiogopi. Nahodha wetu alimjibu kwa adabu kwamba papa wenyewe siku hizi wako wapi, na sifa inauzwa bei gani. Walibishana muda mrefu, kama babu na mjukuu, na wote wawili walikuwa na hoja.

Niko upande wa mjenzi, ila nadhani jibu halimo mikononi mwake wala mwa nahodha. Katika maduka ya spea kote nilikopita oili mpya imepangwa hadi darini, na hakuna duka hata moja lenye pipa la kupokea ya zamani. Pipa moja stendi ya Kibiti, moja Bungu, moja Nyamisati juu ya mstari wa maji kujaa, na gari linalopeleka oili mpya kutoka Dar lirudi na chafu badala ya kurudi tupu. Halmashauri inaweza kuliamua hilo katika kikao kimoja. Na kwa kuwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini, ningefurahi sana mpimaji wake akifika chini ya ule mwembe, akae kwenye lile benchi, aulize kuhusu kile kioo cha dirisha, na awasikilize wale vijana wawili wakieleza pleti moja baada ya nyingine.